Mtani wa Wote

Siku ya kuanua tanga la Bi Mwanamvua, Nyamizi alifika Maneromango asubuhi, na kabla hajapewa hata maji ya kunywa akaingia chumbani kwa marehemu na kutoka akiwa yeye. Alivaa baibui lake lililochakaa kwenye kiwiko, akajitanda ushungi hadi kwenye nyusi, akapachika miwani yake mizito puani na kushika mkongojo. Akapita uani, kwenye kivuli cha miavuli ya jua iliyokuwa ikijigeuza polepole kulifuata jua, huku akiburuza mguu wa kushoto vile vile alivyouburuza marehemu hadi siku anakata roho.

"Nani kapika pilau hili?" alifoka kwa sauti ya puani. "Mimi ndiye niliyekufa, ulimi wangu haujafa! Na mlivyonizika mbio mbio vile, mlikuwa mnawahi ngoma ya wapi?"

Watu waliokuwa wamekaa na huzuni zao tangu asubuhi wakaangua kicheko. Mjomba mmoja wa marehemu, mzee asiye na meno ya mbele, akainuka mkekani.

"We Mnyamwezi, tua kwanza mzigo ulio kichwani ndipo useme! Babu yako aliubeba kutoka Tabora, mpaka leo hamjaushusha!"

"Aliubeba kwa sababu nyie wenyeji mlikuwa mmelala!"

Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi kwa ncha za kanga, na machozi yenyewe hukuweza kujua ni ya nini. Ndivyo ulivyo utani wa Mnyamwezi na Mzaramo, haukuanza jana na hauna ruhusa ya kuulizwa. Siku ya maziko Nyamizi alikuwa amejilaza njiani akazuia jeneza lisipite mpaka alipopewa kuku. Lakini ni yeye pia aliyeamka alfajiri kuchota maji ya kuoshea maiti, na ndiye aliyesugua masufuria yote ya msiba mpaka kucha zikamng'oka rangi. Anayekutukana kwa haki hiyo ana kazi ya kukufanyia, na asipoifanya watu wanamsema vibaya kuliko wanavyomsema mwizi.

Marehemu alikuwa mama yake Pazi Kondo. Nyamizi na Pazi walikuwa watani kwa makabila yao na marafiki kwa hiari yao. Walianza kuandika vichekesho pamoja wakiwa bado vijana, wakigawana chai moja, na sasa Pazi alikuwa mkuu wa kipindi cha *Kwa Mzee Tosha*, kipindi ambacho hakuna nyumba yenye kioo ukutani isiyokitazama. Nyamizi ndiye aliyekipa kipindi hicho Kabula, mtumishi wa ndani wa Mzee Tosha. Alikuwa amempa Kabula uso wake mwenyewe, uso mweusi wenye paji pana na mwanya, na sauti yake mwenyewe. Kila juma alikwenda studio ya Kibaha kutoa sauti mpya. Kabula alikuwa mdogo wa cheo na mkubwa wa mdomo. Hakuna tusi alilorushiwa na Mzee Tosha ambalo hakulirudisha likiwa limenolewa. Nyamizi alimpenda kama mtu anavyompenda mdogo wake wa kuzaliwa.

Baada ya kula, dua ikasomwa, tanga likaanuliwa, na wanawake wakaanza kuchangamka.

"Sasa kioo si kiwashwe jamani? Leo ni siku ya Mzee Tosha!"

Kikawashwa. Sebule ikajaa hadi mlangoni. Nyamizi alikuwa amebaki kwenye korido na sinia la vikombe mkononi, bado yumo ndani ya baibui na miwani ya marehemu, na moyoni alikuwa na ile furaha ya fundi anayekwenda kuona watu wakikalia kiti alichokichonga. Sehemu hii aliijua. Umeme umekatika kwa Mzee Tosha, na mzee anasema, "Kabula, hebu cheka kidogo tuone njia." Naye Kabula anajibu, "Nikicheka utaona njia ya jikoni, mzee, uje uoshe vyombo vyako." Nyamizi aliliandika jibu hilo mwenyewe na lilimchekesha kila alipolikumbuka.

"Kabula," Mzee Tosha alisema ukutani, "hebu cheka kidogo tuone njia."

Kabula akaziba mdomo kwa kiganja, akachekacheka kama mtu aliyepungukiwa, akajikwaa na kuanguka na birika. Mzee Tosha akapokea kikombe kutoka mkononi mwake, kisha akageuza vidole vyake kuangalia kama rangi imemwambukiza.

"Na wewe ukija kuolewa," mzee akasema, "mahari yako gunia la mkaa. Walilete watu wa kwenu, wamchukue wa kwao."

"Asante, mzee," alisema Kabula, kwa sauti ya Nyamizi, na kupiga goti.

Sebule ikalipuka. Wanawake wale wale aliosugua nao masufuria wakaegemeana wakipigana makofi mapajani. Yule mjomba alikohoa kwa kicheko hadi akapigwa mgongoni.

Nyamizi hakuelewa. Alidhani ameona vibaya kwa sababu ya miwani ya watu. Akaivua, akateremsha ushungi afute jasho, na hapo hapo kioo kikamwona. Kabula, aliyekuwa bado amepiga goti, akasimama wima katikati ya tendo, akaweka mkono kiunoni na kusema kwa mdomo ule wa shari anaoujua Nyamizi, "Gunia hilo ulibebe mwenyewe, mzee, mgongo umenyooka kwa kukaa bure!"

"Kimeharibika?" mtu akauliza mbele.

Nyamizi akajitanda ushungi tena na kuvaa miwani. Kioo kikasita kidogo, kisha Kabula akainama, mabega yakamshuka, akaanza kuokota birika lililoanguka huku akiomba radhi. Nyamizi akavua. Kabula akanyanyuka. Akavaa. Kabula akainama. Akaliweka sinia la vikombe sakafuni.

Akamtafuta Pazi kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nje, na yeye peke yake katika watu wote wale hakuwa anatazama ukutani. Alikuwa anatazama chini, na Nyamizi, aliyemjua mtu huyu kuliko alivyojua kiganja chake, akatambua kwamba Pazi hakushangaa hata kidogo.

*

Kesho yake alikuwa Kibaha kabla mafundi hawajafika. Chumba cha Mkunga, ule mtambo unaokizalisha kipindi, kilikuwa baridi kama kawaida, kimya, kuta zake zikiwa na vimulimuli vya kijani, kila kimoja nyumba moja iliyowasha kioo chake. Pazi alimfuata nyuma akiwa na macho mekundu ya msiba.

"Mtani, kaa kwanza."

"Sikai. Nieleze."

Pazi akaeleza, na alieleza vizuri, maana mambo haya alikuwa ameyaeleza kwa wageni wengi wenye tai. Mkunga haandiki vichekesho, anavizalisha. Hadithi ya Mzee Tosha ni moja kwa nchi nzima, umeme unakatika kwa wote na birika linaletwa kwa wote, na ndiyo maana watu wakikutana kazini wanaweza kuizungumza bila kugundua lolote. Kinachobadilika ni kile kinachochekwa. Kioo kinasikiliza pumzi za waliokaa mbele yake. Kinajua kicheko cha adabu, kile ambacho mtu anakitoa kwa sababu mwenzake kacheka, na kinajua kicheko kinachomponyoka mtu kabla hajakiruhusu. Hicho cha pili ndicho Mkunga anachokifuata. Juma hili anakipa kidogo, juma lijalo anakipa zaidi, na wala haulizi kinatoka wapi moyoni.

"Kwa hiyo kioo kikiuona uso wako, mwenye Kabula, kinakufuata wewe kuliko wote, na Kabula anashinda," alisema Pazi, "kwa sababu ndicho kinachokuponyoka wewe."

"Na wengine?"

"Wengine hawako hivyo."

"Kwa nini Kabula? Kwa nini si mwenye duka, si Mzee Tosha mwenyewe?"

Pazi akajikuna shingo. Mwigizaji wa Mzee Tosha, alisema, aliweka mpaka tangu siku ya kwanza: mkewe aliyefariki asiguswe. Bwana Jivraj anayecheza mwenye duka aliweka mipaka mingi: dini yake isiguswe, Uhindi wake usiguswe, Kiswahili chake kisiigizwe. Mkunga aliitii. Lakini zile nyumba zilizokuwa zinataka kumcheka Mhindi hazikuacha kutaka kucheka, na Mkunga alipokuta mlango huo umefungwa alitafuta mlango ulio wazi.

"Na mimi mipaka yangu?"

"Hukuweka."

Akaibonyeza meza, na sauti ya Nyamizi ikajaa chumbani, sauti ya miaka ile, changa, iliyojaa raha. Mkunga alikuwa anamuuliza asitaniwe kwa lipi. Pazi alikuwa ameketi ng'ambo ya meza siku hiyo, Nyamizi alikumbuka hata shati alilovaa. "Mipaka ya nini?" ilisema sauti ile huku ikicheka. "Huyu si mtani wangu? Mtani hana mpaka. Aseme atakalo, mimi sikasiriki."

"Nilikuwa nasema na wewe!" Nyamizi alipiga kelele. "Nilikuwa nakutazama wewe usoni!"

"Mkunga hakujua hilo. Alisikia kwamba huyu ni mtani na hakasiriki. Hakuandika ni mtani wa nani."

Ndipo Nyamizi akakaa, bila kutaka. Alikuwa mtani wa nchi nzima. Mamilioni ya watu walikuwa wanamtukana kila juma kwa haki aliyompa mtu mmoja, na katika mamilioni hayo hakuna hata mmoja atakayekuja kumchotea maji siku akifiwa. 

"Umejua tangu lini, Pazi?"

"Tangu msimu wa kwanza."

"Na ukawa unakuja kwangu. Unakula kwangu. Binti yangu anakuita baba mdogo."

"Mimi sikuandika hata neno moja, Nyamizi. Vyumba vyao ndivyo vinavyoandika. Ungetaka niwaambie nini watu, wasicheke?" Kisha akajaribu kutabasamu, na hilo ndilo kosa lake kubwa zaidi. "Halafu na wewe. Mtani mzima unakasirika?"

 Nyamizi alikuwa amemwegemeza mtu huyu begani siku kadhaa tu zilizopita, analia kama mtoto kwa ajili ya mama yake, na wakati wote huo Pazi alikuwa na hili tumboni.

"Nifungulie kimulimuli cha nyumba yangu," akasema.

"Usiombe hiyo."

"Ni nyumba yangu, nina haki nayo. Siku ambazo sipo."

"Mtani, nakusihi. Rudi nyumbani, lala, kesho tu..."

"Fungua!"

Picha za watu hazihifadhiwi, ila vicheko vinahifadhiwa. Ukutani Kabula alikuwa anaambiwa na Mzee Tosha kwamba mwanamke akisoma sana kichwa kinakuwa kizito na kiuno kinakuwa chepesi, na kicheko cha kwanza kilichosikika kilikuwa cha Revocatus, mumewe, kile kinene cha kifuani. Kilimuuma, lakini hakikumshangaza sana. Wanaume alikuwa akiwaandika siku zote. Kisha Mzee Tosha akageuza vidole vyake kuangalia kama rangi imemwambukiza, na hapo kikaja kicheko kingine, chembamba, cha kuponyoka kabisa, kinachoishia kwa kwikwi.

Kwikwi ile aliijua tangu ilipokuwa ya mtoto mchanga wa mwezi mmoja. Binti yake Kalunde akicheka kweli, lazima apate kwikwi. Na Kalunde, wa pekee katika watoto wote aliopata kubeba mimba zao, ndiye aliyezaliwa na uso wake, paji lake, mwanya wake, na rangi yake ile ile.

Pazi akazima bila kuambiwa.

*

Zilikuwepo njia mbili, na Pazi aliziweka mezani kama mtu anayemwonyesha mteja nguo. Nyamizi angeweza kujitoa. Akisema neno, uso na sauti vinaondoka kwa Mkunga dakika hiyo hiyo, na Kabula anatoweka. Au angeweza kubaki. Kuongeza mipaka sasa hakuwezekani, kwa maana Mkunga alikuwa amekwisha kumkuza Kabula juu ya ruhusa ile ya kwanza. Ukiivuta, yote yanaanguka.

"Anatoweka kwa wote?" Nyamizi aliuliza.

"Kwa wote. Na kule anakoshinda pia." Pazi akamwonyesha pembe moja ya ukuta, vimulimuli vingi vidogo. "Hivi ni vioo vya majikoni. Wasichana wa kazi. Huku Kabula anashinda kila siku, wanakufa kwa kucheka. Unataka kuwanyang'anya?"

Nyamizi akamfikiria Mwamini, msichana wa kazi wa nyumba ya jirani, aliyetoka Manyoni akiwa hajui kumtazama mtu machoni. Mwezi uliopita Mwamini alimwita kwenye ukuta wa uani kumwambia kwamba amemjibu tajiri yake kwa maneno ya Kabula, yale ya "Jumapili hata jiko linapoa", na amepewa Jumapili zake. Alikuwa amelisimulia hilo akirukaruka. Kabula yule alikuwa wa kweli, na alikuwa kazi bora kuliko zote ambazo Nyamizi aliwahi kufanya.

Alizunguka chumba. Aligusa ukuta. Akafikiri kama mwandishi, kwa sababu ndicho alichojua kufanya. Kama hawezi kumfunga Mkunga, basi atamfundisha neno jipya. Wanacheka kwa sababu hawajui kama anaumia. Watu si wanyama. Mtu akimwona mwenzake ameumia, kicheko kinamkauka. Aliliamini hilo kabisa, na ni wajibu kusema kwamba maisha yake yote alikuwa amefanya kazi juu ya imani hiyo.

Akaketi kwenye kiti cha kutolea sauti.

"Nyamizi, unafanya nini?"

"Natoa sauti ya juma hili."

"Usiseme unachotaka kusema." Pazi alikuwa amepauka. "Ukilisema hilo, kati yangu na wewe hakuna tena utani. Unajua. Haurudi."

"Najua."

"Siku nikifa nani atalala njiani kunizuia?"

"Tafuta mtu."

Akainamia meza. Neno lenyewe hajawahi kulitamka mbele ya Mzaramo, wala mama yake hakuwahi, wala bibi yake. Lilitoka kwa shida, na sauti yake ikakatika katikati.

"Nimekasirika," alisema. "Mnaponicheka hivyo, naumia. Nimekasirika."

Vimulimuli vya ukutani vikatulia. Kisha Mkunga akazungumza kwa upole wake ule usio wa mwanamume wala mwanamke.

"Nimepokea. Sasa Kabula anaweza kuumia."

*

Jioni ya kipindi kilichofuata Nyamizi alimwambia mumewe ana kisamvu cha kutwanga, akaenda kukaa uani, nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo kioo cha sebuleni hakimfikii. Kinu kilikuwa mbele yake na mchi mkononi, lakini hakutwanga. Ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, kioo cha jikoni kilikuwa kinaimba wimbo wa kufungulia kipindi, na Mwamini alikuwa anauimba pamoja nacho huku vyombo vikigongana karoni.

Ndani, Revocatus na Kalunde walijitupa kochini. Kipindi kikaanza. Mzee Tosha aliita chai. Birika likaja. Akasema lake, lile la rangi, na lilikuwa baya kuliko la Maneromango.

"Nimekasirika," akasema Kabula.

Ilikuwa sauti ya Nyamizi mwenyewe, na ule mkatiko wake wa katikati. Sebule ikanyamaza. Nyamizi alishika mchi kwa mikono miwili, kwa matumaini. Alikuwa anawangoja. Alimngoja mwanawe kama alivyomngoja siku ya kuzaliwa.

Kikaja kicheko, chembamba, cha kuponyoka, na kwikwi juu yake.

"Eti kakasirika!" Kalunde alisema, akihema. "Baba, umemwona mdomo?"

"Kirudie hapo, kirudie!" alisema Revocatus naye akicheka.

Kioo, kwa kuwa kilikuwa na utii, kikarudia. Safari hii Mkunga aliongeza machozi. Wakacheka zaidi. Akaongeza kamasi, akarefusha ule mkatiko wa sauti mpaka ukawa kama mlio wa mbuzi, na Kalunde akasikika akianguka kutoka kochini kwa kucheka. Mkunga alikuwa ametafuta miaka yote hiyo kitu ambacho Kabula hakuwa nacho, na sasa amepewa, na mtoaji ni Nyamizi mwenyewe.

Nyamizi akaingia ndani na mchi mkononi.

Kioo kikamwona kabla wao hawajamwona. Kabula akafuta uso, akanyooka, akaweka mkono kiunoni na kumrushia Mzee Tosha jibu kali, zuri, la kupangwa vizuri. Kalunde akageuka na kumkuta mama yake amesimama. Kisha akafanya jambo ambalo Nyamizi hatalisahau. Akageuka tena ukutani na kulicheka lile jibu. Alicheka vizuri, kwa wakati wake, kwa kiasi chake, kicheko cha adabu kisicho na kwikwi, na Nyamizi akatambua kwamba hicho ndicho kicheko ambacho binti yake amekuwa akimchekea miaka yote.

"Mama, huyu Kabula wako leo ni moto!"

"Nilikuwa uani, Kalunde. Nimesikia."

Revocatus akajiweka sawa kochini. "Ni masihara tu, Mama Kalunde. Kwani wewe si ndiye bingwa wa utani?"

"Mimi na wewe sote Wanyamwezi. Utani wa wapi huo?"

Revocatus akaokota mto ulioanguka na kuukung'uta. Kalunde alikuwa bado anatabasamu, kwa woga sasa.

"Lakini mama, yule si wewe. Ni Kabula tu."

"Uso ule wa nani?"

"Wako."

"Na huo wako umeutoa wapi?"

Binti akajishika shavu. "Mimi si mweusi kama yule," akasema, haraka, kama mtu anayekanusha wizi.

Kuna maneno ambayo mtu akiyasikia anajua kwamba ameyalisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akidhani analisha kitu kingine. Nyamizi alimtazama mtoto wake, akaona jinsi anavyomtazama yeye, na hakuwa na hasira naye. Hasira zote zilikuwa zimekwisha. Alikuwa amechoka na ameumia, na alijua kwamba hata akilia hapo, ndani ya nyumba yake, kioo kitasikiliza kama kuna anayecheka.

Akausogelea ukuta mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa Kabula.

"Mkunga. Mimi Nyamizi. Natoa uso wangu, natoa sauti yangu. Sasa hivi."

"Mama Kalunde!" Revocatus alisimama.

Kabula alikuwa amefungua mdomo kumjibu Mzee Tosha. Akatoweka hivyo hivyo. Sinia likabaki hewani kidogo, kisha nalo likaondoka, na Mzee Tosha akaendelea kuongea na mlango wa jikoni usio na mtu, akinyamaza kidogo kila mahali ambapo angejibiwa. Ilikuwa ni kichekesho kwelikweli, lakini hakuna aliyecheka. Kalunde alikimbilia chumbani na kufunga mlango.

Geti likagongwa. Nyamizi akaenda kufungua. Alikuwa Mwamini, mikono ina povu hadi viwikoni.

"Shikamoo, Mama Kalunde. Samahani. Kwenu kioo kinaonyesha? Kwetu Kabula kapotea, na mzee alikuwa kamwambia neno baya sana. Alikuwa ndiyo anataka kumjibu."

"Marahaba, Mwamini. Kwetu pia kapotea."

"Atarudi lini?"

Nyamizi angeweza kusingizia mitambo. Midomo yake ilikuwa imekwisha kuanza kutengeneza uongo huo. "Harudi," akasema. "Ni mimi niliyemtoa. Walikuwa wanamfanyia vibaya kwenye nyumba nyingine, mwanangu. Vibaya sana. Hukuwa unaona."

Mwamini alimtazama machoni, kama Kabula alivyomfundisha. Povu lilikuwa likidondoka chini, penye geti. 

"Sisi tulikukosea nini?"

Nyamizi akanyoosha mkono amshike, lakini msichana alikuwa amekwisha geuka. Tajiri yake alikuwa anamwita kutoka ndani kwa sauti kubwa, naye akaitika, "Abee, mama," akainamisha kichwa na kwenda.